Siku Nilipompakia Mama Mkwe Pikipiki

Tangu nirudi, kila anayesimama kwenye kibanda changu cha viatu vya mitumba hapa Busia anashika kiatu, anakigeuza soli, halafu ananiuliza jambo lisilohusiana kabisa na kiatu. "Egesa, ni kweli ulimpakia mama mkwe wako pikipiki?" Nikijibu ndiyo, wanapiga makofi ya mshangao na kwenda kuwaambia wengine, wakiongeza chumvi. Mmoja anasema nilimbeba mgongoni. Basi nimeandika. Someni wote, kisha mninunulie viatu mniache.

Kwa wasomaji wa mbali: kwetu Wasamia, na kwa Wapadhola nilikooa, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kwenye majani. Anayeuvunja mwiko huo hutoa kuku wa faini. Miaka yote niliyoishi na mke wangu Athieno, mama yake nilimjua kwa sauti ya nyuma ya ukuta na kisigino kikipotelea mlangoni.

Mama huyo macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Tukasikia madaktari wa macho wamekuja hospitali moja ya Tororo, upande wa Uganda, wanapasua kisha wanaondoka. Shemeji yangu Owor, kaka yake Athieno, akapiga simu: kesho asubuhi ndiyo mwisho, na mama amekubali kwenda, ila kwa sharti. Hapandi gari, linamtapisha. Hapandi boda ya mtu asiyemjua, kwani mmoja alimwangusha mtaroni macho yalipoanza kufifia. Atapanda pikipiki ya marehemu mumewe, ikiendeshwa na Owor, au atabaki na giza lake. Akisema hivyo amesema. Na pikipiki hiyo ilikuwa kwangu.

Busia, mguu mmoja huku na mwingine kule

Ni pikipiki ya kabureta, rika moja na mke wangu, na tangu mazishi ya mzee ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko letu. Nikaisukuma kwa fundi wangu, Wafula. Akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli, na alipotaka kuirudisha akakuta ile gasketi inayoziba kati ya kabureta na injini imekauka na kuvunjika kama biskuti. Hapa kwetu tyubu kuukuu haitupwi. Hufunga mizigo, huwa bawaba za vibanda vya kuku, huziba mabomba. Wafula akakata kipande cha tyubu, akakitoboa, akakibana pale kwa bolti mbili.

"Buda, hii sasa iko fiti," akaniambia. "Enda nayo hadi Kampala, urudi unibebee matoke."

Iliwaka kwa teke la kwanza, ikanguruma taratibu kama mzee anayesali. Nikafurahi. Lakini kabla sijafika mpakani injini ilikuwa imepata joto, na hapo ikaanza vituko. Naachia mafuta, yenyewe inazidi kupiga kelele. Nimesimama, mkono uko pajani, na injini inavuma kama mtu anayekimbizwa. Ule mngurumo wa injini ukiwa umeachia mafuta mafundi wetu huuita sailensi, na sailensi yangu ilikuwa imepanda juu ya paa.

Askari wa upande wa Uganda alinitazama mimi, akaitazama pikipiki, akanitazama tena.

"Wewe, mbona nanipigia kelele? Kama iko na haraka, ungekuja jana."

"Samahani afande, si mimi. Ni injini."

"Injini nani nakalia?"

Nikazima. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze, maana sipendi kabisa kuchekwa na watu nisiowauzia kitu. Nilipovuka niliinama, nikaifungua kidogo skrubu ya sailensi kwa ncha ya kisu. Mngurumo ukashuka. Nikajipongeza kwa sauti, na nilikuwa sijafika mbali pongezi ilipoharibika: kelele ilirudi, na safari hii ilikuja na mluzi mwembamba ndani yake.

Tiira, kwenye mashimo

Nilisimama Tiira kwa sababu nilisikia mashine nyingine ikinguruma, tena vizuri, na nikaona aibu yangu ingepata mwenzake. Ilikuwa pampu ya maji juu ya shimo la dhahabu. Mlinzi wake alikuwa Ojambo, mwanamume mnene aliyekaa kwenye jerikeni chini ya kipande cha turubai.

"Wewe nakwenda wapi na hii kelele?" akauliza, bila salamu.

Nikamweleza. Akaja, akashika usukani wa pikipiki ikiwa inawaka, akaugeuza kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Mngurumo haukubadilika. "Waya ya mafuta iko sawa," akasema. "Kama waya nabana, ukikata kona sauti napanda." Akagusa choki, akakuta imerudi mahali pake. Akakuna kichwa, akaifungua skrubu ya sailensi zaidi, mpaka karibu itoke. Injini ikatulia. "Sasa iko chini. Lakini hii pikipiki iko na kitu ingine. Mimi sijajua."

Nilipenda alivyosema hajui. Mafundi wengi niliowahi kukutana nao wangekufa kwanza.

Akanipa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, nikala nikitazama shimo. Ndugu zangu, nimezaliwa karibu na hapo na sikuwahi kuliona. Ni tundu linaloweza kufunikwa na mlango wa nyumba, limeshuka mpaka macho yanakata tamaa, na ndani yake kuna watu. Kamba ikatikisika, wakavuta, akatoka mtu wa udongo mtupu, meno tu ndiyo yalikuwa yake. Akanisalimia kwa heshima kama tuliokutana kanisani. Kilima chote cha udongo kando ya shimo kimefukuliwa kwa mikono, ndoo kwa ndoo. Nilibaki na muhogo mdomoni nimesahau kutafuna.

Ndipo nikaona kwamba Ojambo, kwa muda wote tuliokuwa tukizungumza, alikuwa ameinamisha kichwa upande wa pampu. Ikizima maji yanapanda, na waliomo lazima wavutwe haraka. Nikamuuliza kama anaweza kusikiliza watu wawili. Akasema, "Wewe nasikia na sikio moja tu. Ile ingine ni ya wao."

Kutoka Tiira, nikiongoza msiba

Pikipiki ilitulia mpaka ikapata joto tena. Nikaingia kituo kimoja cha biashara nikivuma, na jambo la ajabu likatokea: watu walisimama. Mwanamke mmoja aliweka beseni la nyanya chini. Wanaume wakavua kofia. Nami, kwa ujinga wangu, nikawapungia mkono.

Mnajua boda akifiwa na mwenzake inavyokuwa: wanaisindikiza maiti huku wakizivumisha injini, matawi yamefungwa kwenye taa. Nilipochungulia kioo, nyuma yangu kulikuwa na pikipiki zisizopungua kumi, kila moja na tawi lake, zikivuma kunisaidia. Walikuwa wamesikia kelele, wakajua ni msiba, na hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Nikasimama. Kijana wa mbele akanishika bega, macho yamelowa.

"Pole sana, ssebo. Nani amekufa?"

"Hakuna. Sailensi iko juu."

Akaitazama injini. Kisha wote wakacheka hadi mmoja akalala kwenye nyasi, nami nikajikuta nacheka nao. Lakini njiani niliwaza. Watu hawa waliacha abiria na shughuli zao ili kumlilia mtu ambaye hata jina lake hawakulijua. Sijui kwa nini tunasema dunia imeharibika.

Wengi waligeuza. Wawili, wenyeji wa pande za Nagongera waliko wakwe zangu, wakasema watanisindikiza kwa kuwa wanaenda nyumbani, na matawi wakayaacha yalipo. Tukapita tukiuona mwamba wa Tororo kwa mbali, umesimama peke yake juu ya mashamba bila mlima wa jirani wala sababu. Nimeuona mara nyingi na kila mara hunifunga mdomo.

Nagongera, nje ya ua wa wakwe

Sasa jiwekeni mahali pa mama mkwe. Haoni. Jioni, anasikia pikipiki ya marehemu mumewe ikija na kelele za mazishi, nyingine mbili nyuma yake. Mwendeshaji ni mkwe wake, aliyetoka alikomwacha binti yake. Jirani anachungulia na kusema, "Wamefunga matawi."

Ukunga ulipigwa kabla sijazima. Nikasikia sauti ya mama ndani ikiita, "Athieno! Athieno mwanangu!" na majirani wakaanza kukimbia kuja, wanawake mikono kichwani.

Nami siwezi kuingia. Mkwe haingii kwa pupa nyumba aliyomo mama mkwe, hata moto ukiwaka. Nikasimama nje ya ua nikapaza sauti: "Hakuna aliyekufa! Athieno ni mzima! Wote wazima!"

Kilio kikazidi. Mnajua kwa nini. Huku kwetu mleta habari ya kifo haitangazi mlangoni. Husema kwanza kila mtu ni mzima, huombwa akae, hunywa maji, ndipo aseme. Kadiri nilivyoapa kwamba mke wangu anapika chapati wakati huo, ndivyo walivyojua hakika kwamba amekufa. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Mkwe, sema tu. Mungu ndiye nampenda zaidi."

Nikampigia Athieno, nikampa simu shemeji yangu Nyafwono, mdogo wake, akakimbia nayo ndani. Halafu nikamsikia mke wangu kwenye spika akifoka kwamba nani amemtangaza maiti, na kama ni mumewe basi akirudi atamkuta si maiti bali simba. Ua mzima ukaangua kicheko na machozi hayajakauka.

Wakaniletea ugali wa wimbi na kunde zenye simsim, peke yangu chini ya paa la ghala, na kuku mzima kwa sababu mimi ni mkwe. Nilikula kwa aibu. Ndipo Owor akatoka akichechemea, mguu umefungwa kitambaa na kuvimba kama boga. Jembe lilikuwa limemkata shambani, muda mfupi baada ya yeye kunipigia simu.

"Mimi haiwezi kukanyaga gia," akasema. Tukatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Walizungumza ndani, nikisikia sauti tu. Nilijua kinachopimwa: akikataa, madaktari wanaondoka, na huenda asiuone uso wa mjukuu wake yeyote mpaka kaburini. Mwishowe Nyafwono akatoka. "Mama anasema sawa. Mimi nitakaa katikati yenu. Na wewe usigeuke nyuma, hata nyoka akikuuma."

Nagongera hadi Tororo, watu watatu na sheria moja

Tuliondoka alfajiri. Nilikaa mbele nikitazama kaskazini, mashariki, popote pasipo nyuma. Nilihisi pikipiki ikizama mara mbili: mara ya kwanza Nyafwono na beseni lenye vitu vya hospitali, mara ya pili mama, kiupande. Tukaenda.

Mama mkwe aliuza simsim katika soko la Busia ujana wake wote, kwa hiyo Kiswahili anakijua kama mimi. Lakini heshima ni heshima.

"Nyafwono, mwambie mkwe kuna shimo mbele, pale kwa mti wa mwisho wa miti mitano."

"Shemeji, mama anasema kuna shimo mbele."

Nilikuwa nimeshasikia, na shimo lilikuwapo. Alikuwa ameipita njia ile nyuma ya mumewe miaka mingi kiasi kwamba aliijua kwa kiuno.

Injini ikapata joto. Mluzi ukarudi, na mngurumo ukapanda kuliko jana, kwa kuwa sasa ilikuwa na mzigo wa watu watatu. Tulipoanza kushuka kwenye mteremko wa kinamasi niliachia mafuta na pikipiki haikupunguza hata kidogo. Ilitaka kukimbia. Nikabana breki, nikabana klachi, injini ikalia kama nguruwe. Mbele kulikuwa na ng'ombe wakivuka. Niliogopa, sifichi. Nyuma yangu nilikuwa na mama wa mke wangu, asiyeona, aliyewahi kuangushwa, na nilikuwa nimekatazwa hata kumgeukia. Nikaelekea kwenye nyasi, nikazima, tukasimama ng'ombe wakitupulizia pumzi.

Nikangoja aseme anarudi nyumbani kwa miguu.

"Nyafwono," akasema mama, "mwambie mkwe aiwashe."

"Shemeji, mama anasema uiwashe."

Nikaiwasha. Ikavuma. Tulisikiliza wote, yeye kwa namna yake.

"Mwambie inakunywa hewa. Huo mluzi ni hewa. Mwambie amwage maji kidogo pale kabureta inapogusana na injini."

Nyafwono akarudia yote, neno kwa neno, na mimi nikiwa nimeshafungua chupa ya maji. Nikadondosha maji kwenye kiungo kile. Mara moja injini ikakohoa, mngurumo ukaporomoka, kisha ukapanda tena maji yalipomezwa. Nikainama. Kile kipande cha tyubu cha Wafula kilikuwa kimelewa petroli, kimevimba na kukunjamana, na upande wa chini pamefunguka mwanya. Injini ilikuwa ikivuta hewa kupitia hapo, nayo ikipata joto mwanya unazidi. Sisi wote, kutoka Busia hadi Tiira, tulikuwa tukipigana na skrubu isiyo na kosa.

Nikamuuliza Nyafwono, amuulize mama, amejuaje.

"Mwambie mzee alikuwa akitengeneza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga maji. Mtu hawezi kushika taa na chupa na spana peke yake." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kutumwa kwangu, "Jana niliposikia inalia hivyo, nilidhani ni yeye anamlilia Athieno."

Nyafwono hakurudia hilo. Nami nilijifanya nafuta spana.

Ndani ya beseni kulikuwa na mche wa sabuni ya kufulia, kwani nani huenda hospitali bila sabuni? Petroli haiyeyushi sabuni. Tukangoja injini ipoe kidogo, nikamega, nikakanda, nikabandika kuzunguka kiungo chote na kushindilia kwa kidole. Nikapiga teke. Ikawaka, ikazima. Nikapiga tena, ikazima. Nikaona jasho linanitoka, jua linapanda.

"Mwambie skrubu mmeifungua mno," akasema mama, karibu na kicheko. "Sasa hewa hakuna. Airudishe ndani."

Nikairudisha. Nikapiga teke. Na pikipiki ile, haki ya Mungu, ikaanza kunguruma chini, polepole, kila pigo likisikika peke yake, tu, tu, tu, sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia tangu niipokee. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo mama mkwe kama nilivyoamriwa, na nikamsikia akivuta pumzi ndefu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Twende."

Nimewahi kustaajabu mbele ya shimo la Tiira, na mbele ya mwamba. Lakini tulipoingia Tororo, mwamba ukiwa umetuinamia wote, kichwa changu kilikuwa kwa mwanamke aliyekaa nyuma, aliyeona ndani ya injini kwa masikio. Tulifika wakiita majina ya mwisho.

Tororo, asubuhi ya pili

Walimpasua jicho moja, la pili wakasema litangoja warudi tena. Siku iliyofuata ilikuwa ya kuondoa bandeji. Nyafwono akaingia naye. Mimi nikabaki uani karibu na pikipiki, na niliposikia mlango nikafanya kama nilivyofundishwa tangu utoto: nikageuka, nikautazama mwamba, mgongo kwao.

Nilisikia hatua zikija polepole, halafu zikasimama. Akataja rangi ya kanga ya mwanamke fulani. Akataja ndege. Akasema Nyafwono amekonda, kwa nini hakuna aliyemwambia. Kisha akaiona pikipiki, akaenda akaweka mkono kwenye tangi.

Nilikaza macho kwenye jiwe. Machozi yalikuwa yananitiririka na nilishukuru hakuna wa kuyaona.

"Nyafwono," akasema, "mwambie mkwe..."

Nyafwono akangoja. Nami nikangoja. Sentensi haikuendelea.

"Kuku wa faini nitatoa mimi," akasema mama mkwe wangu, na safari hii hakuwa akizungumza na Nyafwono. "Geuka, mwanangu, nikuone."